Kuishi bila ngano Dar es Salaam: jikoni, sokoni na ugenini

Miezi mitatu baada ya daktari kuniambia niache ngano, niliugua kwa vitumbua. Nilikuwa nimejiaminisha kabisa: kitumbua ni mchele, nazi, sukari, hamira na iliki, ngano itoke wapi? Tumbo likajaa usiku kucha. Asubuhi nikarudi kwa mama anayeuza pale kituo cha daladala, nikamwamkia, nikamuuliza anavipikaje. Akacheka. "Mwanangu, mchele peke yake vinavunjika. Naweka na vijiko viwili vya ngano, vishikane."

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya vile vijiko viwili. Chapati, mandazi, mkate, tambi na sambusa unaviona kwa macho na unavipita. Kinachotuangusha sisi tusiokula gluteni, katika nchi ya ugali na wali, ni unga unaotiwa kidogo tu ili mchuzi uwe mzito, samaki asigande kwenye kikaango, bajia isipasuke. Ukishajua unapojificha, utakula vizuri, tena kwa raha, na pesa nyingi itabaki mfukoni.

Kwanza tuelewane. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya nchi za baridi, rye kwa Kiingereza). Ndiyo inayofanya unga wa chapati ukishakandwa uvutike bila kukatika. Mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, kinga ya mwili wake inageuka na kushambulia utumbo mwembamba. Vile vijividole vidogo vinavyofyonza chakula vinalika, na hapo ndipo kunakuja kuharisha, tumbo kujaa, vidonda vya mdomoni, kukonda, upungufu wa damu usiokwisha hata ukimeza vidonge vya madini ya chuma, na kwa mtoto, kudumaa. Hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na ukiacha kweli, utumbo hujijenga upya, ingawa kwa mtu mzima huweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka na zaidi.

Na usikubali kuambiwa kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Unakadiriwa kumpata karibu mtu 1 kati ya 100 duniani, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, wanao. Hao ni Waafrika wenzetu. Kilichotoka Ulaya ni ugunduzi: daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930, na njaa ya vita ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, ikampa nguvu shaka yake. Mwaka 1950 akaiandika katika tasnifu yake. Kabla ya hapo watoto wa siliaki walikuwa wakilishwa vyakula vya kubahatisha, na mojawapo, utacheka, ilikuwa ndizi kwa wingi.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujaacha

Hili wengi tunalikosea. Mtu anasikia kwa jirani kwamba ngano ndiyo inayomsumbua, anaiacha miezi miwili, anapata nafuu, kisha ndipo anakwenda hospitali. Vipimo vinatoka safi. Kipimo cha damu hutafuta askari (kingamwili) ambao mwili huwatengeneza kwa sababu ya gluteni, na usipoila askari hao hupungua. Basi endelea kula chapati zako mpaka upimwe.

Mwombe daktari kipimo kiitwacho tTG-IgA, pamoja na kiwango cha IgA yote, ambayo ni aina moja ya askari hao, kwa sababu wapo watu ambao mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha na kipimo kikawadanganya. Kikionyesha dalili, hatua inayofuata kwa mtu mzima kwa kawaida ni kamera ya tumboni, ambapo huchukuliwa vipande vidogo vya utumbo vikaangaliwe kwa hadubini. Hospitali kubwa za rufaa ndiko pa kuulizia. Mimi kabla ya kufika huko nilikuwa nimetibiwa minyoo, amiba, taifodi mara sijui ngapi, na vidonda vya tumbo. Simlaumu mtu, dalili zinafanana. Ila ukiona umetibiwa kitu kilekile mara tatu na hakiondoki, uliza.

Ukithibitika, wapime na ndugu wa damu: wazazi, watoto, kaka na dada zako. Takribani mmoja kati ya kumi wa hao huwa nao pia, wengine bila dalili yoyote.

Hatua ya pili: hesabu ulichonacho tayari

Kabla hujakimbilia rafu la vyakula maalumu kwenye supamaketi, keti uandike vyote unavyokula visivyo na gluteni. Mimi nilijaza kurasa mbili. Mchele. Mahindi, yawe sembe au dona, kande au ya kuchoma. Mtama, uwele na ulezi (Wakenya mnauita wimbi). Muhogo, magimbi, viazi vitamu, viazi mviringo, ndizi za kupika, mashelisheli, maboga. Maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe. Karanga, korosho, ufuta, nazi. Nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa, mboga na matunda yote. Ugali na mchicha wa nazi, ndizi nyama, mtori, makande, samaki wa kupaka, pilau, kisamvu, mukimo wa Wakikuyu, matoke ya Waganda, bukari ya Lubumbashi: vyote hivyo asili yake havina gluteni. Mzungu mwenye siliaki analilia mkate wake asubuhi, mchana na jioni. Sisi kilio chetu ni cha chai ya asubuhi tu, na hicho nitakifikia.

Vya kuondoa kabisa: ngano kwa majina yake yote, pamoja na semolina na tambi, shayiri, ikiwemo ile ya supu inayopikwa Ramadhani, rai, ambayo huku ni nadra. Boko boko limewaponza wengi kwa sababu likishapondwa na nyama mtu anadhani ni mchele. Ni ngano nzima. Ukiwa Unguja, Mombasa au Muscat, na harufu ya samli ikakuita, geuka.

Oti zenyewe si ngano, lakini hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja nayo, na wapo wachache wenye siliaki ambao oti hata iliyo safi huwadhuru. Mwaka wa kwanza ziache. Baadaye nunua tu zile ambazo pakiti inasema wazi hazina gluteni.

Usisahau ulezi. Ukiwa umechelewa kugunduliwa, mifupa yako inaweza kuwa imeshakosa madini ya kalisi kwa miaka, na gramu 100 za ulezi zina karibu miligramu 340 za kalisi, zaidi ya nafaka nyingine yoyote ya sokoni. Uji wa ulezi na dagaa wa kukaanga vimenisaidia kuliko vidonge.

Hatua ya tatu: mashine ya kusaga

Hapa ndipo mwongozo wowote ulioandikwa Ulaya unapokuacha njiani. Umenunua mtama wako Tandale, umeupepeta na kuuosha, umeuanika, umeupeleka mashine. Mbele yako kwenye foleni yupo dada na kilo kumi za uji wa lishe, na ndani yake kuna ngano. Mashine haioshwi. Unga wako unatoka na masalia ya ngano yake.

Nimejaribu njia nyingi na zilizofaa ni hizi. Tafuta mashine inayosaga mahindi peke yake; zipo, hasa zile za kukoboa na kusaga sembe la kuuza. Zungumza na mwenye mashine kwa heshima, mweleze kwamba ni ugonjwa, wala usiseme ni "chaguo la chakula" maana atakuona unajidai. Nenda asubuhi na mapema, na kabla ya nafaka yako pitisha kilo mbili tatu za mahindi, unga huo umpe anayefuga kuku. Lakini kwa mwenye siliaki hata hilo ni kupunguza hatari tu. Njia niliyoishia mimi ni mashine ndogo ya umeme ya kusagia viungo, ya nyumbani. Inasaga kilo moja kwa awamu nne, inapiga kelele kama bodaboda iliyotoboka bomba, lakini najua kilichopita ndani yake.

Uji wa lishe uliofungwa tayari, ule wa mchanganyiko wa nafaka saba au tisa, usiuguse mpaka usome kila kilichomo. Mara nyingi ngano ipo, na soya, mchele na karanga vinaifunika. Changanya wako: ulezi sehemu mbili, mtama moja, mchele nusu, karanga kidogo ukipenda.

Viungo nunua vizima usage mwenyewe. Pilipili manga ya unga ya kupima kwa kijiko huweza kuongezwa unga ili uzito upande. Na hapa nataja mvuje kwa jina, kwa sababu nani angeushuku? Mvuje wa unga unaouzwa kwenye vikopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usishikane. Bajia ya dengu iliyo safi kabisa inaharibiwa na robo kijiko cha mvuje. Tafuta mvuje wa donge, au ule ambao kopo linasema umechanganywa na mchele.

Hatua ya nne: jiko moja, watu wawili

Mume wangu na watoto wanakula chapati. Sikutaka kuwanyima, na wao hawakutaka kunyimwa. Kwa hiyo tukagawana vitu, si nyumba.

Vyangu peke yangu ni: chungio, kibao na kifimbo cha kusukumia, mwiko wa mbao, kikaango kimoja, na chuma cha vitumbua. Hivi vina nyufa na vinyweleo ambavyo unga huganda na sabuni haivifikii. Sufuria za chuma, sahani za udongo na vijiko vinatosha kuoshwa vizuri. Nimevifunga vyangu utepe mwekundu, na dada wa kazi anajua: chenye utepe hakigusi ngano. Yeye ndiye mtu muhimu kuliko daktari katika jambo hili. Mwelezee kwa utulivu, mara moja na tena, mpe sababu na si amri tu, na siku akikosea akakuambia, mshukuru.

Unga wa ngano ukichekechwa unabaki hewani na kutua kila mahali. Siku ya chapati kwetu ni Jumapili mchana, mimi chakula changu kimeshapikwa na kufunikwa. Mafuta yaliyokaangia mandazi hayakaangi samaki wangu. Na kopo la Blue Band! Kisu kinapaka mkate, kinarudi koponi na makombo. Nilikaa wiki nne nikiumwa bila kujua sababu ni hiyo. Sasa nina kopo langu, na jamu yangu, na siagi yangu ya karanga.

Hatua ya tano: chai ya asubuhi

Hapa nitakawia, maana hapa ndipo watu wanaposhindwa. Mtu anaweza kuacha bia, biskuti, hata keki ya harusi. Lakini chai ya rangi yenye tangawizi bila kitafunwa? Nimezaliwa Tanga, nimekulia kwenye mahamri na mbaazi. Nalijua jambo hili.

Niseme ukweli wangu kwanza: mahamri yasiyo na ngano sijayaweza. Nimejaribu kwa mchele, kwa muhogo, kwa vyote pamoja. Yakiwa ya moto yanadanganya, yakipoa unaweza kumpiga nayo mwizi. Chapati ya kusukumwa na kukunjwa tabaka tabaka nayo haiwezekani bila gluteni, ndiyo kazi yake. Acha kutafuta mwigo wa hivyo viwili, utaokoa unga na machozi. Nenda kwenye vitafunwa ambavyo bibi zetu walivipika kwa mchele tangu zamani.

Vitumbua, bila vijiko viwili. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, saga kwenye blenda na kikombe kimoja na robo cha tui zito, nusu kikombe cha sukari, kijiko kidogo cha hamira, iliki, na, sikiliza hapa, vijiko vitatu vikubwa vya wali uliolala. Wali uliopikwa ndio unaoshikamanisha badala ya ngano. Saga mpaka ukipima kwa vidole usisikie chenga. Funika saa moja, uumuke na kutoa mapovu. Choma kwenye chuma kilichopata moto kweli, mafuta kijiko kidogo kila tundu, moto wa wastani. Kikigoma kugeuka hakijaiva chini, kiache. Nilimpelekea yule mama wa kituoni sita katika bakuli. Alisema vyangu ni laini zaidi, kisha akaniambia kwamba wali uliolala kwake haupo, wanaumaliza usiku.

Vibibi ni unga uleule mwepesi zaidi, unaumimina kwenye kikaango kama chapati ya maji na kuufunika. Mkate wa kumimina ni mchele uliolowekwa, tui, sukari, hamira na ute wa mayai uliopigwa mpaka ukasimama. Unaokwa kwa makaa juu na chini, au kwenye oveni. Vyote viwili kwa kuwa mchele unausaga mwenyewe ukiwa mbichi, unakwepa mashine ya mtaani.

Chapati ya mchele si chapati ya ngano, lakini inafuta mchuzi. Chemsha vikombe viwili na nusu vya maji na chumvi na kijiko cha mafuta. Yakitokota, mimina vikombe viwili vya unga laini wa mchele na nusu kikombe cha unga wa muhogo, koroga kwa mwiko, epua, funika dakika kumi. Kanda ukiwa bado wa moto, mikono umeipaka mafuta. Ukiona mkavu nyunyiza maji ya moto. Sukuma kati ya plastiki mbili: pakiti ya sukari iliyopasuliwa na kuoshwa inafaa sana (ya unga wa ngano, tafadhali, hapana). Choma kwenye kikaango kikavu, pande mbili, kisha zifunike kwa kitambaa zilainike. Kula siku hiyohiyo.

Ukitaka unga uvutike zaidi, nenda duka la dawa au duka la viungo la Kihindi ukaulize isabgoli, yale maganda meupe ya mbegu ambayo watu hunywa kwa ajili ya choo kigumu. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila gramu 250 za unga, ukikilowesha kwanza kwenye maji mpaka kiwe kama ute, kinashika unga kwa namna ya ajabu. Mkate wa kuoka nyumbani bila hicho ni makombo. Usizidishe, na siku hiyo unywe maji mengi.

Unga wa muhogo chagua uliotoka kwenye muhogo uliolowekwa na kukaushwa ipasavyo. Muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri una sumu, na hilo halihusiani na gluteni hata kidogo.

Siku za haraka: muhogo wa kuchemsha na chumvi, kiazi kitamu, magimbi, mayai, ndizi mzuzu ya kukaanga. Ndiyo vitafunwa vya babu, na hakuna aliyeviita chakula maalumu.

Hatua ya sita: dukani

Pakiti nyingi zimeandikwa Kiingereza. Maneno ya kutafuta ni wheat, barley, rye, malt na semolina. Kifaransa, kwa walio Bujumbura, Goma au Lubumbashi: blé, orge, seigle. Kwenye bidhaa za Dubai na Oman, ngano ni qamh na shayiri ni sha'ir, ndugu wa neno letu. Maandishi kwamba bidhaa haina gluteni, kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, maana yake ina miligramu 20 au pungufu kwa kila kilo. Alama ya suke lililokatwa kwa mstari ndani ya duara ni ya kuaminika. Kusema haina ngano hakutoshi, kwa kuwa shayiri inaweza kuwemo.

Kimea cha shayiri ndicho kinachopita bila kuonekana. Kimo kwenye Milo na vinywaji vingi vya aina hiyo vya watoto, na kwenye kornfleksi nyingi ambazo mtu huziona ni mahindi matupu. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano. Soseji na kababu za kiwandani hujazwa makombo ya mkate. Vipande na unga wa kukolezea mchuzi, supu za pakiti na krispi zenye ladha: soma kila mara, hata uliyoizoea, kwa kuwa viwanda hubadilisha.

Vya kufurahia? Tambi za mchele kutoka Asia, zinafaa kwa nazi na sukari kama zile za futari. Krispi za muhogo na za ndizi zenye chumvi tupu. Kashata za nazi na za karanga, bisi, ubuyu, korosho za Mtwara, siagi ya karanga, chokoleti nyeusi isiyo na biskuti. Halua, uliza wanga gani umetumika. Mkate na biskuti za kuagizwa, kama zile za Schär ya Italia, nazinunua kwa safari na kwa siku za homa, si kwa kila siku. Ni ghali, na nyingi ni wanga na sukari vilivyovaa nguo nzuri.

Bia za kawaida ni za shayiri, zisahau. Pombe kali iliyokenekwa haibebi protini. Mbege ya Wachaga ni ndizi na kimea cha ulezi, hivyo kwa asili yake haina gluteni. Swali ni kama mpishi hakuongeza kitu.

Mlioko ughaibuni, kazi yenu kwa upande mmoja ni nyepesi: Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya sheria inalazimisha ngano na shayiri zionyeshwe kwa herufi za kutofautisha kwenye orodha ya viambato. Mtego wenu uko kwenye duka la Waafrika. Semovita inakaa rafu moja na unga wa ugali na inafanana nao, nayo ni ngano.

Hatua ya saba: kwa mama ntilie na hotelini

Jifunze kuuliza. Ukimuuliza mpishi "Kuna ngano humu?" atajibu hapana, na hatakuwa anakudanganya, kwa sababu kichwani mwake ngano ni chapati. Uliza hivi:

"Shikamoo mama. Mchuzi huu unaufanya mzito kwa kutia nini?"

"Samaki unampaka nini kabla ya kumkaanga?"

"Mafuta haya yalikaanga nini asubuhi?"

Kisha ongeza: "Nina mzio wa ngano, nikila hata kidogo naumwa." Kitabibu siliaki si mzio, lakini neno mzio linaeleweka, na mtu mwenye njaa hatoi mhadhara.

Salama zaidi ni wali au ugali, maharage, mboga, nyama choma yenye chumvi na ndimu, ndizi za kuchemsha. Chipsi mayai ni viazi na mayai tu, lakini kama karai hilohilo linakaanga sambusa, pita. Makange yana sosi ya soya mara nyingi. Urojo huwa mzito kwa unga. Bajia za barabarani, kunde au dengu, uliza kama wameongezea. Kwa Wahabeshi usidanganyike na sifa za tefu, nafaka yao ndogo: tefu haina gluteni, ila injera, chapati yao, nyingi huchanganywa na ngano au shayiri.

Hatua ya nane: ugenini

Shangazi amekaanga mahamri tangu alfajiri kwa ajili yako, nawe unakataa. Kwetu hilo ni tusi. Dawa yake ni simu ya siku moja kabla: "Shangazi, nakuja kesho, daktari kanikataza ngano, naomba unipikie ule muhogo wako wa nazi." Umempa kazi badala ya kumnyima heshima. Kwenye shughuli nakwenda na kontena langu kwenye mkoba, namtafuta mpishi mkuu mapema, naomba nipakuliwe wali na nyama kabla vijiko havijaanza kuzunguka kwenye sinia. "Kidogo tu haidhuru" utaisikia sana. Tabasamu, na usile.

Futari ni rafiki yako: magimbi, muhogo, ndizi mbichi, viazi vitamu, vyote kwa nazi. Ruka kaimati na tambi, na uji wa pilipili manga uliza ni wa unga gani.

Kwa Wakatoliki, hostia ni ya ngano, na barua ya Vatikani ya Juni 2017 ilisisitiza kwamba isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye gluteni kidogo sana inakubaliwa. Zungumza na paroko; inaruhusiwa pia kupokea kwa divai peke yake, katika kikombe cha ibada ambacho hakikutiwa kipande cha hostia.

Na safari ya basi. Dar hadi Tanga mimi hubeba mayai ya kuchemsha, karanga na chupa ya uji. Basi likisimama Chalinze nanunua mahindi ya kuchoma dirishani, namwambia kijana asinipake chochote zaidi ya ndimu na pilipili aliyoiponda mbele yangu. Segera nanunua machungwa. Nikifika Tanga, shangazi anakuwa ameshauweka muhogo mekoni.